Mtoto Akitishwa Mtandaoni, Aje Kwako Kwanza

Vitisho wanavyotumiwa watoto kwenye simu huwa havikosi sentensi moja: nitamwambia mama yako. Pengine anatajwa baba, pengine mwalimu mkuu, pengine ustadhi wa madrasa au mchungaji, lakini maana ni ile ile. Anayeandika sentensi hiyo habahatishi. Anajua kwamba mtoto yuko tayari kuiba pesa, kukesha macho, hata kutuma picha nyingine mbaya kuliko ya kwanza, mradi tu nyumbani wasijue. Ukitafakari hapo utaona jambo zito: nguvu aliyo nayo mhalifu juu ya mtoto ameiazima kwetu wazazi. Hasira yetu ndiyo anayoitumia kumbana. Ndiyo maana nashikilia kwamba ulinzi wa kwanza wa mtoto mtandaoni ni uhakika alio nao kuwa akikuletea jambo la aibu, siku hiyo hatapigwa, hatatukanwa wala hatanyang'anywa simu. Vizuizi vya programu, saa za kutumia simu na umri wa kufungua akaunti vina kazi yake, na nitavieleza, lakini vyote vinasimama juu ya uhakika huo.

Mwenendo wa mkasa wenyewe unafanana mno popote unapotokea, kwa hiyo inafaa mzazi aujue hatua kwa hatua. Mvulana wa miaka 15 anapata ombi la urafiki Instagram kutoka kwa msichana mzuri. Anaona msichana huyo tayari ana marafiki kadhaa anaowafahamu yeye, na hilo linamtoa wasiwasi, kumbe hao nao walikubali ombi bila kumjua. Mazungumzo yanaanza kwa salamu, yanaingia kwenye utani, na kabla usiku haujakwisha msichana anaomba wahamie WhatsApp au Telegram. Huko anatuma picha ya utupu na kumwomba mvulana naye atume yake. Picha ikifika tu, lugha inageuka. Mvulana anarudishiwa picha yake ikiwa imebandikwa pamoja na orodha ya wafuasi wake, jina la shule yake na jina la mama yake lililookotwa Facebook. Chini yake kuna kiasi cha pesa na dakika alizopewa kukitafuta. Msichana hakuwahi kuwepo. Upande wa pili wapo watu wazima, mara nyingi kundi zima, wanaofanya kazi hiyo kila siku. Julai 2024 kampuni ya Meta ilitangaza kuwa imefuta akaunti za Instagram zipatazo 63,000 nchini Nigeria zilizohusishwa na utapeli wa namna hiyo. Wengi waliolengwa walikuwa wanaume wazima wa Marekani, lakini baadhi ya majaribio yaliwalenga watoto pia. Nautaja mfano wa mvulana kwa makusudi. Kwetu msichana huonywa mapema, tena kwa ukali, ilhali mvulana huachwa ajifunze mwenyewe. Utapeli huu wa picha na pesa unawawinda zaidi wavulana.

Hata hivyo, kosa kubwa lingekuwa kudhani kwamba hatari yote iko kwa mgeni wa nchi ya mbali. Utafiti uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT International, INTERPOL na ofisi ya utafiti ya UNICEF katika nchi 13, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, unaonyesha picha tofauti. Ripoti ya Tanzania, iliyotoka mwaka 2022, ilikadiria kwamba ndani ya mwaka mmoja asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikumbwa na unyanyasaji wa wazi wa kingono mtandaoni. Walitishwa ili wafanye vitendo vya ngono, picha zao zilisambazwa bila ridhaa, au walirubuniwa kwa pesa na zawadi. Asilimia hiyo ni sawa na watoto wapatao 200,000, na watafiti wenyewe walitahadharisha kuwa huenda idadi halisi ni kubwa zaidi, kwa kuwa mtoto huona vigumu kusema. Kilichonigusa zaidi ni mambo mawili yaliyoandamana na takwimu hiyo. La kwanza, mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari: rafiki, mpenzi wa zamani, jirani, ndugu wa familia. La pili, watoto waliofika polisi au waliopiga namba ya msaada ni wachache mno. Waliosema walimwambia rafiki, na wengine hawakumwambia mtu yeyote. Kwa hiyo tuna hatari inayotoka karibu, na mtoto anayenyamaza. Kumfungia mtoto asionane na wageni hakugusi la kwanza, na kumkaripia kunazidisha la pili.

Wapo watakaosema kwamba wao wamelimaliza suala hili kwa kutompa mtoto simu kabisa. Nawaelewa, na kwa mtoto wa miaka minane nawaunga mkono. Lakini kutomiliki simu si sawa na kutotumia simu. Mtoto anaazima ya dada wa kazi wakati wewe uko kazini, anacheza na ya kaka yake, anaingia TikTok kwenye simu ya rafiki wakitoka shule, na mara nyingi anatumia yako wewe mwenyewe, akifuta mazungumzo kabla hajairudisha. Mtoto wa namna hiyo akipatwa na jambo, ana makosa mawili ya kuficha badala ya moja, kwa sababu kabla ya kueleza alivyotishwa lazima kwanza akiri kwamba alishika simu aliyokatazwa. Halafu kuna wale wa shule za bweni, ambako simu hairuhusiwi. Wengi wao hukaa miaka minne mbali na mtandao, kisha Novemba wakishamaliza mtihani wa kidato cha nne wananunuliwa simu janja kama zawadi na kuachiwa miezi mitupu mbele yao. Wanapewa bando, na maelekezo hayapo. Tunamkabidhi kijana wa miaka 17 dunia nzima kwa siku moja, wakati kumwachia achague nguo zake mwenyewe kulituchukua miaka. Kama una mtoto wa kidato cha nne, likizo ya katikati ya mwaka ndiyo ya kuanza kukaa naye kwenye simu yako, ukimwonyesha jinsi ya kuifunga akaunti isionwe na kila mtu, jinsi ya kukataa ombi la asiyemjua, na jinsi ya kuripoti.

Upande mwingine wako wanaotegemea teknolojia imlinde mtoto. Vizuizi vipo na vinasaidia. Google Family Link inamwezesha mzazi kuidhinisha programu kabla haijapakuliwa na kupanga muda wa matumizi. TikTok ina sehemu ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya mtoto. Instagram tangu Septemba 2024 ilianza kuwawekea vijana akaunti zilizofungwa tangu mwanzo. Viwasheni, havina gharama. Ila mzazi aelewe mipaka yake. Umri wa miaka 13 unaotajwa na mitandao mingi haukutokana na uchunguzi wa lini mtoto anakomaa kiakili. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila idhini ya wazazi. Ni umri wa biashara ya taarifa, na mtoto anauvuka kwa kuandika mwaka wa uongo wa kuzaliwa. Serikali ya Australia imekwenda mbali zaidi, ikapitisha sheria mwaka 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, nayo ilianza kutumika Desemba 2025. Hatua hiyo inastahili kufuatiliwa, lakini hata ikifaulu haitamzuia mjomba kumtumia mtoto ujumbe wa WhatsApp. Kizuizi kinachuja picha na tovuti. Hakiwezi kutambua kwamba mtu mnayemwita kwa jina la heshima nyumbani ameanza kumwandikia binti yako usiku.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito zaidi ni la mzazi anayesema kwamba mtoto asipoadhibiwa ataharibika. Hoja hii ina msingi. Mtoto aliyetuma picha ya utupu amefanya jambo la hatari, na kujifanya kwamba hakufanya lolote ni kumpotosha. Lakini tuangalie adhabu inafanya nini siku ile. Mtoto amekuja kwako akiwa katikati ya mkasa, huenda amebakiwa na saa moja kabla ya muda aliopewa. Ukimchapa, unamthibitishia yule mhalifu kwamba alisema kweli. Mtoto atajifunza, naam, lakini atakachojifunza ni kutokuja tena, na mdogo wake aliyesikia kelele kutoka chumba cha pili atakuwa amejifunza pia. Ninachokitetea ni mpangilio: kupokea kwanza, kuokoa kwanza, na mazungumzo ya wajibu yafuate wiki inayokuja, mioyo ikiwa imetulia. Mazungumzo hayo yawe makali kadiri unavyoona inafaa. Kijana anayejua kwamba atayakabili, lakini atayakabili akiwa salama na wewe uko upande wake, atakuja. Na anayekuja anaweza kulelewa.

Kuna pia suala la haya. Wazazi wengi wanasema kuzungumza na mtoto kuhusu picha za utupu ni kuvunja heshima, na sidhani kama wanasingizia. Lakini mila zetu hazikumwacha kijana bila mtu mzima wa kumuuliza mambo ya mwili. Pwani palikuwa na somo na kungwi, na kwingine shangazi, bibi na babu walipewa kazi hiyo kwa sababu ilieleweka kwamba mama na baba hawawezi kuifanya kwa wepesi. Tunaweza kubishana kuhusu yaliyofundishwa unyagoni, lakini kuteua mtu wa kusikiliza ni jambo ambalo tumelipoteza bila kuweka kitu mahali pake. Familia nyingi leo zinaishi chumba na sebule mjini, shangazi yuko mkoani, na mtoto hana wa kumwendea. Irudisheni nafasi hiyo. Mwambieni mtoto achague mwenyewe watu wazima wawili anaoweza kuwapigia saa yoyote, na awe na namba zao kichwani, si kwenye simu tu. Nasema wawili, tena wa kuchaguliwa na mtoto, kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja: anayemdhuru anaweza kuwa ndiye mtu ambaye ninyi mngemteua. Mtu huyo wa kusikiliza hahitaji kujua chochote kuhusu Snapchat. Bibi mwenye simu ya tochi anaweza kabisa kuwa yeye, mradi ajue kunyamaza, kusikiliza, na kumpigia mtu sahihi.

Uhakika ninaouzungumzia haujengwi siku ya mkasa. Unajengwa kabla, kwa maneno yanayotamkwa waziwazi na kurudiwa. Mtoto hawezi kubashiri kwamba utakuwa mpole, hasa kama amewahi kuona ulivyopokea taarifa ya sahani iliyovunjika. Mwambie hivi, mkiwa mnapika au mko kwenye daladala, pasipo kukaa kikao: kuna watu wanawalaghai watoto watume picha halafu wanawatisha. Ikikutokea, hata kama ulituma, hata kama ulikuwa umevunja sheria yangu ya simu, njoo. Sitakupiga. Tutashughulika naye mimi na wewe. Kisha lirudie baada ya miezi mitatu, kwa maneno mengine. Na mtoto akikuletea jambo dogo, tuseme mwenzake amemtukana kwenye kundi la darasa, lipokee kwa makini. Hapo anakupima kabla ya kuleta kubwa.

Kinachosahaulika ni kwamba watoto wanatuangalia sisi tunavyopokea utapeli unaotupata wenyewe. Nani hajapata ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii"? Nani hajasikia mzazi aliyepigiwa na mtu anayejiita mwalimu wa bweni, akaambiwa mwanao ameanguka, yuko hospitali, tuma pesa ya vipimo sasa hivi daktari anasubiri? Waliotuma ni wengi kuliko wanaokiri. Baba anatapeliwa, anakaa kimya miezi kwa aibu, na siku mambo yakijulikana anataniwa mbele ya wageni. Mtoto aliyeshuhudia hayo amepata jibu lake kuhusu nyumba hii inawatendea vipi walionaswa. Fanyeni kinyume chake. Ujumbe wa kitapeli ukiingia, usomwe kwa sauti mezani na wote waambiwe umekosewa wapi. Mkiwa Tanzania, utumeni kwenda namba 15040 inayopokea taarifa za utapeli, na mtoto ndiye autume. Wekeni kanuni moja ya familia nzima: simu yoyote inayodai pesa kwa haraka na kwa siri inakatwa, kisha anayehusika anapigiwa kwa namba iliyokuwepo tangu zamani. Namba ya shule iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mahali pa wazi. Haraka na siri ndivyo vinavyotumika kumnasa baba kwenye pesa na mtoto kwenye picha, kwa hiyo anayezoea kuvikataa upande mmoja atavitambua upande wa pili.

Na hao matapeli wanajuaje jina la mtoto na shule anayosoma? Mara nyingi tumewaambia sisi. Picha ya mtoto akiwa na sare yenye nembo ya shule, maneno ya pongezi yakitaja jina lake kamili na umri, mama ametajwa, mahafali yametajwa na tarehe. Sitaki kumzuia mzazi kufurahia mtoto wake hadharani. Nasema tu kwamba nembo inaweza kufichwa, na mtoto wa miaka kumi anaweza kuulizwa kama anataka picha ile iende. Akisema hapana na ukaheshimu, umemfundisha kwa vitendo kwamba picha ya mwili wake haiendi popote bila ridhaa yake.

Sasa tuseme amekuja. Neno la kwanza liwe la kumshukuru kwa kukwambia. Kisha usifute kitu. Wazazi wengi hufuta kwa hasira au kwa uchungu, na hapo ushahidi wote unapotea. Andika kwenye daftari jina la akaunti kama lilivyo, herufi kwa herufi, namba ya simu, namba ya kutumia pesa, na tarehe na saa za ujumbe. Usilipe. Anayelipwa mara moja anarudi kwa kiasi kikubwa zaidi kwa sababu amejua kuwa mpo tayari kulipa. Usimjibu kwa matusi wala kumtishia. Iripoti akaunti ndani ya programu yenyewe, kisha ndipo umfungie, na mbadilishe maneno ya siri. Jambo ambalo watu wema hukosea ni kuisambaza ile picha kwa nia ya kuomba ushauri: kwa baba mdogo, kwa mwalimu, kwenye kundi la ukoo. Usiitume kwa mtu yeyote. Picha ya utupu ya mtoto ni kosa la jinai kuisambaza, Tanzania chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2018, na polisi wataiona kwenye simu hiyo hiyo ilipo. Ipo pia huduma ya bure iitwayo Take It Down, iliyoanzishwa mwaka 2023 na kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Inatengeneza alama ya tarakimu ya picha ile hapo hapo kwenye simu, picha yenyewe isitoke, na alama hiyo inapelekwa kwa mitandao iliyojiunga, kama Facebook, Instagram na TikTok, ili iitambue na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kama ya WhatsApp, na ni vizuri mtoto aambiwe hivyo asije akapewa tumaini la uongo.

Namba ya kupiga ni 116, bila malipo, Tanzania, Kenya na Uganda, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Tanzania, nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kenya, idara ya upelelezi, DCI, ina kitengo cha ulinzi wa watoto. Ukikutana na askari anayemlaumu mtoto, omba kuonana na mkuu wake au rudi kwenye 116 wakusaidie kufuatilia. Usiku ule usimwache mtoto alale peke yake. Aibu ya namna hii imewahi kuwafikisha watoto mahali pa kutaka kujidhuru, na uwepo wako chumbani unamsaidia kuliko nasaha yoyote.

Ugumu mkubwa unakuja pale mhusika anapokuwa ndugu au mtu wa heshima mtaani. Kikao cha ukoo kitaitwa. Watazungumzia jina la familia, watapendekeza faini, mbuzi, kuombana radhi, na mtoto ataambiwa asahau. Kumalizana kwa namna hiyo kunamwachia mhusika simu yake, namba zake na watoto wengine wa ukoo. Tena kunamfunza mtoto kwamba alivyotishwa ndivyo ilivyo: akisema, watakaoumia ni wake. Mzazi anayesimama kukataa kikao hicho atalaumiwa, pengine kwa miaka, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote katika ushauri huu. Bado namsihi aende polisi.

Baadaye, mambo yakitulia na polisi wakishachukua wanachohitaji, swali la simu litarudi. Wengi huona ni busara ikae kabatini mpaka chuo. Mimi naona irudi ndani ya wiki chache, ikiwa na masharti mapya mliyokubaliana na mtoto: akaunti imefungwa, orodha ya marafiki imepunguzwa mkiwa wote wawili, simu hailali chumbani kwake. Wadogo zake wanafuatilia kimya kimya kuona ndugu yao alipoteza nini kwa kusema, na nao wataamua kulingana na watakachokiona.